Tusisubiri mtoto aseme haoni

Mhariri,

Wazazi na walimu wengi husubiri mtoto alalamike ndipo apelekwe kupimwa macho. Asiyeona mbali halalamiki. Tangu akili imwingie, ubao una ukungu, naye anadhani wenzake wote wanauona hivyo hivyo. Atafinya macho, atanakili kwenye daftari la jirani, mwishowe ataitwa mvivu. Kitabu kilicho mkononi anakisoma bila shida, na hapo ndipo sisi watu wazima tunapodanganyika.

Kwa kawaida jicho lake limerefuka kupita kiasi, hivyo picha ya kitu cha mbali inaangukia mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kutua juu yake. Jicho likisharefuka halirudi kuwa fupi. Tatizo likianza mapema, miaka ya kurefuka nayo inakuwa mingi. Wanaofikia dayopta 6 (kipimo cha nguvu ya lenzi wanayohitaji) na zaidi huwa katika hatari kubwa ya kupata glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, au kubanduka kwa retina ukubwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa ifikapo 2050 karibu nusu ya watu duniani watakuwa hawaoni mbali.

Linaloniudhi zaidi ni ule usemi kwamba miwani huharibu macho ya mtoto. Namba za lenzi hupanda kwa sababu jicho linaendelea kurefuka, avae asivae. Watafiti nchini Malaysia waliwahi kuwapa watoto miwani hafifu kuliko waliyohitaji, makusudi. Matokeo yao ya mwaka 2002 yalionyesha tatizo liliongezeka kwa kasi zaidi.

Kucheza nje mchana, kwa muda wa takriban saa 2 kila siku, hupunguza uwezekano wa tatizo kuanza. Kwa aliyekwisha kupata, yapo matone ya atropini ya kiwango kidogo na lenzi maalumu za kupunguza kasi ya jicho kurefuka, lakini nani atapewa kama hajapimwa?

Kipimo chenyewe kifanywe jicho moja moja, maana jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake. Tena kusoma herufi ukutani pekee hakutoshi: misuli ya jicho la mtoto ina nguvu za kupotosha kipimo, ndiyo maana mtaalamu huweka matone ya kuilegeza kwanza.

Shule nyingi huuliza habari za chanjo wakati wa kumwandikisha mtoto. Naomba fomu hiyo iongezwe mstari mmoja: tarehe aliyopimwa macho mara ya mwisho.

Mzazi, msomaji wenu