Baba, deni hilo si langu

Leicester, Uingereza

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, Alhamdulillah, ila baridi ndiyo haitaki kutuacha. Natumai nyote hapo Wete hamjambo, na mama mgongo umempa nafasi.

Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia simu, maana jambo lenyewe ni refu na kwenye simu ungenikatiza njiani. Nimesikia khabari imeshafika barazani: mwanao Uingereza amekataliwa na benki, ana madeni. Nusu ya khabari hiyo ni kweli. Benki imenikatalia. Madeni sina. Na kwa kuwa umri wako wote umekaa dukani na daftari la wakopaji mkononi, naamini wewe utanifahamu upesi kuliko wanaonisema.

Huku nako kuna daftari, tena matatu. Yanashikwa na kampuni binafsi, Experian, Equifax na TransUnion, serikali haimo. Benki, kampuni za simu na za umeme zinawapelekea kila mwezi khabari za wateja wao: huyu amelipa, huyu amechelewa, huyu kaacha kabisa. Ukitaka mkopo, au simu ya kulipia mwisho wa mwezi, na mara nyingine hata ukitaka kupanga nyumba, mwenye mali hufungua kwanza daftari ndipo akujibu. Wewe ukimkopesha mtu mchele unamjua na baba yake, na unajua kama karafuu zake ziko kwenye jamvi au bado ziko mtini. Hawa hawakujui. Mshahara wako haumo daftarini, akiba yako haimo, wala hamna pa kuandika kwamba umelelewa vizuri.

Umetulea tusikope, na hapo Wete asiyedaiwa anatembea kichwa juu. Huku asiyewahi kukopa ukurasa wake ni mweupe, na ukurasa mweupe unawatia shaka karibu sawa na ukurasa mchafu. Nilipofika nilikuwa hivyo, maana hata ningekuwa na sifa za kukopesheka kwetu zisingevuka bahari kunifuata.

Najua swali lako la pili: na riba je? Zipo njia zisizo na riba. Nina akaunti ya kawaida ambayo siivuti chini ya sifuri, na mkataba wa simu na bili ya umeme ambazo benki inazikata yenyewe kila mwezi. Hizo nazo zinaandikwa. Wengi hapa huchukua kadi ya mkopo, wakalipa deni lote kabla ya tarehe ili riba isiwaguse. Shekhe mmoja msikitini kwetu anaona hapana ubaya, mwengine anasema mkataba wenyewe una sharti la riba, basi umeshaharibika ulipotia saini. Mimi sijaichukua. Si kwa ucha Mungu mkubwa, ila nilijua utaniuliza.

Na hili litakuchekesha. Kwa kuwa Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, Mtanzania anayeishi hapa kwa kibali anaruhusiwa kujiandikisha na kuwapigia kura wabunge wao. Wakopeshaji wanalitazama sana daftari la wapiga kura, maana ndilo linalowahakikishia kuwa unakaa pale unaposema unakaa. Kwa hiyo mwanao ni mpiga kura wa Leicester.

Sasa nije kwenye kisa. Niliomba kununua nyumba kwa mpango wa Kiislamu: benki inanunua pamoja nawe, unalipa kodi ya sehemu yake na unaichukua sehemu hiyo kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yako. Hao nao, pamoja na Uislamu wao, wanafungua daftari lile lile. Jibu likaja: samahani, hapana. Sababu hawakueleza, lakini ukiwauliza wamefungua daftari la nani ni lazima wakwambie. Nikauliza. Kisha nikaomba ripoti yangu, si kwa huyo mmoja tu bali kwa wote watatu, maana yaliyomo huku huenda kule hayamo. Kuomba ni haki yako na ni bure. Zamani ilikuwa pauni 2, tangu 2018 hulipi kitu.

Nikae nikueleze ilivyo hiyo karatasi. Juu kuna jina, tarehe ya kuzaliwa na nyumba unayoishi na ulizokaa nyuma. Chini yake kila akaunti ina safu ya vijumba vidogo, kimoja kwa kila mwezi. Sifuri maana yake umelipa. Moja, umechelewa mwezi mmoja. Mbili, miezi miwili. Inapanda hivyo hivyo, na anayewekewa herufi D ndiyo wameshamkatia tamaa. Benki yangu ilikuwa sifuri tupu, safu nzima. Umeme vile vile. Halafu nikateremka, nikakuta akaunti ya kampuni ya simu ambayo sijawahi kuingia hata mlango wake: moja, mbili, tatu, nne, D.

Nilipotazama anwani ndipo nikafahamu. Ni ile nyumba ya mwanzo tuliyokuwa tumejazana. Alikuwamo kijana wa Konde mwenye jina kama langu, la kwanza na la babu. Si ajabu, jina letu ni la nusu ya Pemba. Yeye alihama, bili zikawa zinaanguka mlangoni, na mwisho deni likanata kwa aliyebaki. Na mimi pasi yangu imeandikwa Khamis kwa Kh, kwenye simu niliandikwa Hamis, kwa wapiga kura Khamisi. Kompyuta yao ikishaona majina yanafanana na nyumba ni moja, haina haja ya kumjua mama wa mtu.

Wewe mtu akikulipa unapiga mstari, na kesho yake anakuja kuchukua unga kwa mkopo tena. Hawa hawapigi mstari. Alama ya D inakaa miaka 6 tangu siku ilipowekwa. Aliyelipa anaandikiwa pembeni kuwa amelipa, na D yake inabaki pale pale mpaka muda uishe. Ndiyo maana niligombana na binamu aliyekuwa akiniambia lipa tu, pesa yenyewe ndogo, yaishe. Ningelipa ningekuwa nimelikubali deni la mtu mwengine, na alama nimebaki nayo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni, na wewe ndiye uliyenisomesha. Mwenye kudaiwa ndiye atakayesema, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Huku unaandikwa wewe mwenyewe hupo, tena hujui kama umeandikwa mpaka siku ukataliwe.

Basi nikaandika barua, moja kwa kampuni ya simu na nyingine kwa wenye daftari, nikaambatanisha pasi, mkataba wa nyumba niliyohamia na karatasi za benki. Wenye daftari wana siku 28 za kukujibu, na wakati wanauliza wanaiwekea alama akaunti ile kuwa ina mgogoro. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kavu: taarifa zetu ni sahihi. Nikawauliza swali moja: mliyemkatia mkataba alizaliwa lini? Tarehe haikuwa yangu, wala haikukaribia. Hapo wakalegea na D ikafutwa. Wangeng'ang'ania, ningepeleka malalamiko kwa ofisi huru inayosimamia taarifa za watu. Vile vile sheria inakuruhusu kuandika maelezo yako, yasiyozidi maneno 200, yakabandikwa kwenye ukurasa wako ili kila anayeufungua ayasome. Yote hayo bila ya kutoa hata senti. Lakini mjini hapa wapo watu wanaotangaza kusafisha madaftari kwa mamia ya pauni, na wateja wao wengi ni sisi wageni. La uongo unaliondoa mwenyewe bure, la kweli hata wao hawawezi kuliondoa.

Kijana wa Konde nilimtafuta nikampata. Simlaumu, hakujua kama bili zinamfuata. Ameshaanza kulipa.

Nyumba sijaomba tena. Kila ombi linaacha alama, na mtu akionekana anapiga hodi benki hii na ile kwa mfululizo wanamdhania kabanwa. Naacha miezi ipite kwanza. Aliyesema barazani umwambie kwa utaratibu tu, usimgombeze.

La mdogo wangu nalo nimelisikia. Anakopa kwenye simu halafu anabadilisha laini, akidhani deni limekufa na namba. Laini zote siku hizi zimesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole. Na daftari hata kwetu lipo: tangu kanuni za 2012, benki na taasisi za fedha zinapeleka khabari za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu ya Tanzania, na zipo kampuni zenye leseni zinazotoa ripoti hizo kwa benki nyingine. Mkopo wa simu wenye benki nyuma yake si mchezo wa upatu. Siku atakayotaka pesa za boti ataviona vile vielfu ishirini vinamsubiri. Alipe, adai uthibitisho kwa maandishi, kisha aombe ripoti yake aone imeandikwa nini.

Na kabla hajaenda kuomba pasi, mtazame karatasi zake. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Kh, kitambulisho cha Mzanzibari kimeandikwa H, na cha taifa, kile cha NIDA, sikumbuki. Vyote viwe sawasawa, herufi kwa herufi, na aanze na cheti. Gharama nitatoa mimi.

Pesa za mabati nimezituma kwa jina la mama. Fundi asipewe zote kwa pamoja.

Nisalimie wote, wakubwa shikamoo zao na wadogo marahaba.

Wasalaam,
Mwanao