Mashine ya moyo ya mamangu ilisetiwa 60, mbona hatukuambiwa?

Mhariri,

Nawaandikia kutoka Likoni. Mamangu ana miaka 71 na mwaka juzi alitiwa pesimeka, hii mashine ndogo ya moyo inayowekwa chini ya ngozi karibu na bega, manake moyo wake ulikuwa ukienda polepole mpaka anaanguka jikoni. Alhamdulillahi kuanguka kukaisha. Lakini pumzi haikurudi. Akishuka kwa feri kupanda ule mlima alikuwa anasimama mara nne, mara tano, anashika chuma cha pembeni, mikokoteni inampita, na yeye anatazama chini kama mtu aliyeangusha shilingi ili asionekane anahema.

Siku moja nikamshika mkono pale pale nikahesabu mapigo kwa saa ya simu. 60 kwa dakika. Tukafika nyumbani, ashakaa kwa mkeka anakunywa maji, nikahesabu tena. 60. Mimi si daktari, nauza spea za tuktuk, lakini injini ambayo mlimani na tambarare inazunguka sawasawa hiyo hata mtoto wa gereji atakwambia haijasetiwa vizuri.

Tulipompeleka kliniki (sitaitaja jina) fundi akamwekea kile kidude kama mausi ya kompyuta kifuani, akabonyeza, akasema mashine iko sawa na betri bado ina miaka. Mama akamwambia, mwanangu, mashine iko sawa, mimi je? Akacheka tu akaita mwengine.

Ni daktari mwengine, baadaye sana, ndiye aliyekaa chini akatueleza. Kumbe hiyo 60 ni ile namba ya chini kabisa ambayo mashine hairuhusu moyo upungue, na wagonjwa wengi huachwa hapo hapo tangu siku ya kwanza, mrefu kwa mfupi, moyo wa namna yoyote. Na ile sehemu ya mashine inayosikia mwili ukitembea ikaongeza kasi, kwa mama ilikuwa imezimwa. Halafu akatwambia kushindwa kwa moyo si kwa namna moja. Kuna moyo uliolegea, pampu yenyewe imechoka, na kuna moyo uliokakamaa, unasukuma vizuri lakini haunyumbuki damu ikiingia. Moyo wa mama ni huo wa pili. (Mama akadakia, mimi sijawahi kuwa na moyo mgumu, waulize majirani.) Moyo kama huo ukienda taratibu damu inapata muda mrefu wa kuingia, inajaa kupita kiasi, presha inarudi nyuma kwenye mapafu, ndio pale pumzi inakata. Ukiuharakisha kidogo unajaa kiasi.

Nikauliza mbona basi hawafanyi hivo kwa kila mtu. Akanambia mambo haya bado ni mapya. Mwaka 2023 watu wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walitoa utafiti wa wagonjwa 107 wenye pesimeka na mioyo ya namna hii, nusu wakaachwa kwa 60 na nusu wakapigiwa hesabu kila mtu namba yake, kwa urefu wa mtu na nguvu ya pampu, wengi wakaangukia kama 75 hivi. Baada ya mwaka hawa wa pili walikuwa na nafuu, wanatembea zaidi, na kile kipimo cha damu cha kujua moyo unaelemewa kiasi gani kikashuka. Lakini mwaka huo huo kukatoka utafiti mwengine, mdogo, watu 29, ambao mashine zao zilikuwa zinaongeza mapigo wakati wa mazoezi tu, na hao nguvu zao za mazoezi hazikuongezeka. Kwa hivo si suala la kukanyaga mafuta tu.

Tena kuna jirani yetu, mzee mmoja, yeye moyo wake ni ule uliolegea, aliposikia habari za mama akataka naye apandishiwe. Daktari akakataa katakata. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa wagonjwa 506 wenye pampu dhaifu, waliosetiwa 70 wakalazwa na kufa zaidi kuliko walioachwa 40 mashine ikae kusubiri tu. Na hapo lawama kubwa haikuwa hata ile kasi, ni waya wa mashine ulio chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, ukiusukuma moyo kila pigo pande mbili zinaacha kwenda pamoja. Mzee alinuna wiki nzima lakini akaelewa.

Mhariri, malalamiko yangu si kwamba 60 ni mbaya. Ni kwamba mamangu alibeba namba kifuani karibu miaka miwili na hakuna mtu aliyemwambia ni ngapi wala kwa nini. Sukari tunaambiwa, presha tunaambiwa, hata mzani wa mtoto kliniki unaandikwa kwa kijitabu, hii ya moyo ni siri ya nani? Wakuu wa hospitali zetu hapa Pwani wasikie, kumwambia mgonjwa umesetiwa hapa kwa sababu hii hakuchukui hata dakika mbili.

Mama sasa amesetiwa 75. Betri itaisha mapema kidogo, tumeambiwa, na mwezi ujao anarudi wamuangalie tena. Sisemi amepona, mlima wa feri bado anasimama, lakini mara moja, siku mbaya mara mbili. Ile kadi yake ya mashine ina jina la kampuni, namba ya mashine na tarehe ya oparesheni, mapigo hayana hata nafasi ya kuandikwa, basi nimemwandikia mwenyewe nyuma kwa biro. Akanambia niandike na ile 60 ya zamani. Nikaiandika, nikaikata.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa