Dozi ya Lyme imekwisha, mwili bado mzito: jinsi tunavyokuhudumia

Wengi wanaofika kwenye kituo chetu cha fiziotherapia hapa Maine, Marekani, waliugua Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoambukizwa na kupe, na wameshamaliza antibayotiki yake, doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni, kama walivyoandikiwa. Homa imekata, lakini viungo vinauma, usingizi hauburudishi na akili ni nzito. Nyumbani wanaambiwa ni uvivu. Si uvivu hata kidogo. Uchovu wa baada ya Lyme unajulikana kitabibu, na kwa baadhi ya watu hupita miezi sita. Kurudia antibayotiki miezi mfululizo hakuuondoi. Kumepimwa kwenye utafiti, na wapo walioishia kupata maambukizi ya damu kupitia mpira wa dripu.

Tatizo tunalokutana nalo zaidi ni hili: ukiamka na nafuu, unafua, unafyeka nyasi na kwenda dukani, yote siku moja. Kesho yake au keshokutwa huinuki kitandani. Kwa hiyo tunaanza na daftari. Kwa wiki moja andika kila shughuli, dakika zake, na ulivyoamka siku iliyofuata. Tukiona kutembea dakika 20 hakukudhuru ila 30 zinakulaza, tunaanza na 12, kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Hapo ndipo pagumu, kuacha wakati bado unaweza. Wiki mbili zikipita salama tunaongeza dakika moja au mbili. Hali ikirudi nyuma tunapunguza, hatulazimishi.

Goti linahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu ndilo kiungo ambacho Lyme hukipenda. Likijaa maji, msuli wa mbele wa paja hushindwa kukaza vizuri na baadaye husinyaa, ndiyo maana ngazi zinakushinda hata maumivu yakipungua. Goti lililovimba na lenye moto hatulikandi. Weka barafu ndani ya taulo, dakika 15, kisha rudi kwa daktari, maana huenda bado linahitaji dawa. Uvimbe ukishuka, kaa kitandani mguu umenyooka, viringisha taulo chini ya goti, ulikandamize kwa goti huku ukihesabu hadi tano, achia. Mara 10, asubuhi na jioni, bila kubana pumzi.

Kama bado uko kwenye dozi, angalia vidonge vya madini ya chuma, magnesiamu, kalsiamu na dawa za kiungulia. Vinaikamata doksisaiklini tumboni isiingie mwilini. Itangulize kwa saa mbili, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa, la sivyo inaunguza koo.

Neno kwa ndugu zetu wenye ngozi nyeusi: alama ya Lyme kwenye ngozi si lazima iwe nyekundu wala ya duara la shabaha. Inaweza kuonekana kama damu iliyovilia, ya zambarau au kahawia, inayopanuka siku hadi siku. Wengi huchelewa kutibiwa kwa sababu hiyo.

Mapigo ya moyo yakiruka, ukizirai, uso ukilegea upande mmoja, au kichwa kikiuma sana na shingo kukakamaa, usije kwetu. Nenda emajensi siku hiyo hiyo.

Kikao cha kwanza ni cha kupima tu, hakuna mazoezi. Njoo na majibu ya vipimo vya damu, orodha ya dawa zako zote pamoja na za mitishamba, na viatu unavyotembelea kila siku.