Risala kwa Mgeni Rasmi: Kwa Nini Naendesha Baiskeli Hadi Morogoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya waendesha baiskeli 22 wa shule hii, karibu sana Kimara, na pole na foleni ya Ubungo. Risala za namna hii huanza na historia ya klabu. Wenzangu wameniomba niiruke, nieleze tu kilichomfanya mmoja wetu akubali kupiga pedali hadi Morogoro, kilomita zipatazo 180, kuchangisha fedha za kuwakatia bima ya afya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Sitakuficha, Mheshimiwa: siku ya kujiandikisha nilivutiwa na fulana. Nilipofika nyumbani ndipo nikasoma ile karatasi vizuri, nikaona fedha zinakwenda wapi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Nina mdogo wangu wa miaka tisa. Alipokuwa mchanga vidole vyake vilivimba, majirani wakamwambia mama kuna mkono wa mtu. Hospitali wakatueleza kwamba baba na mama wote wamebeba kinasaba cha selimundu bila kujijua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mimi niliponea chupuchupu, nimerithi kimoja. Mdogo wangu amerithi viwili.

Mwezi wa saba mwaka juzi baridi ilimwamsha usiku wa manane. Mama alimkanda miguu kwa maji ya moto, mtoto ameng'ata ncha ya kanga ili asilie kwa sauti, maana wapangaji wenzetu walishaanza kulalamika. Kijiweni hapakuwa na bodaboda hata moja. Nikatoa baiskeli ya baba, tukaweka mto kwenye keria, mama akamfunga kiunoni kwangu kwa ile ile kanga. Kwetu ni bondeni. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisikia mikono yake ikinibana, lakini yeye kimya. Tulipofika kwenye lami akaniuliza, "Kaka, umechoka?"

Hospitali walisema anahitaji damu, ndugu wajitokeze kuchangia. Nikakunja shati. Muuguzi akaniuliza umri. Nilikuwa na miaka 15, na mchangia damu anaanzia 18. Mama akapanda mzani: kilo 47, wanataka 50. Tukarudi kukaa kwenye benchi. Chupa iliyomwokoa mdogo wangu ilitoka kwa mtu ambaye hatumjui hadi leo.

Sasa nina miaka 17, mkono wangu bado hautakiwi. Nimeona nitoe miguu.

Mazoezi yanaendelea. Kutoka hapa hadi Kibaha barabara ni pana, njia nane, tunakwenda kwa raha. Ukishapita Kibaha mambo yanabadilika. Karibu na Mlandizi lori lilinipita kwa karibu mno, upepo wake ukanitupa kwenye majani. Goti lilichubuka, rimu ikapinda. Fundi aliinyoosha kwa nyundo huku akinigombeza kuliko mzazi. (Mama yupo mstari wa tatu, habari ya rimu anaisikia leo, naomba walimu wakae karibu naye.)

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba gari la kutusindikiza nyuma, lenye taa za tahadhari, siku zote mbili, kwani usiku tutalala Chalinze. Tunaomba helmeti tisa. Wenzetu tisa hawana. Tunaomba pia maji ya kunywa ya kutosha njiani. Hili nalisisitiza kwa sababu yangu mwenyewe: aliyebeba kinasaba kama mimi hatakiwi kukaukiwa na maji anapofanya mazoezi mazito.

Ombi la mwisho halimo kwenye nakala uliyokabidhiwa, Mwalimu Mkuu anisamehe. Wewe umevuka miaka 18, na kwa macho tu kilo 50 umezipita. Kabla hujatupungia bendera siku ya kuondoka, tunaomba upitie kituo cha damu salama, uwaachie chupa moja.

Naomba kuwasilisha.