Skripti za ulinzi ziache kutegemea ps na grep

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wanaotumia Linux. Ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba ukitaka kujua kama programu fulani iko kazini uandike ps aux | grep nginx (ps huorodhesha programu zinazoendeshwa, grep huchuja mistari yenye neno fulani, na nginx ni seva ya tovuti), una kasoro inayowaponza hata mafundi. Grep nayo ni mchakato, yaani programu inayoendeshwa, na neno nginx limo kwenye amri yake, kwa hiyo karibu kila mara hujiorodhesha yenyewe. Mtu aliye mbele ya skrini ataupuuza mstari huo. Skripti ya ulinzi, yaani faili la amri linalokagua lenyewe kama programu ipo, haijui kupuuza: itaripoti kwamba nginx ipo ilhali ilishakufa tangu jana. Wapo wanaokwepa mtego kwa kuandika grep '[n]ginx'. Hilo hufanya kazi, kwa kuwa muundo huo haulingani na maandishi ya amri yenyewe, ila ni kiraka.

Amri iliyotengenezwa kwa kazi hii ni pgrep. Haijitaji yenyewe, na isipopata kitu hurudisha msimbo 1, ambao skripti inaweza kuutegemea. Andika pgrep -a nginx upate namba ya mchakato, yaani PID, pamoja na amri nzima. (Kwenye Mac swichi ya -a ina maana nyingine, huko tumia pgrep -fl.)

Wengi hukwama hapa: bila swichi (herufi za ziada kama -a), pgrep hutazama jina la mchakato tu, na Linux huhifadhi herufi 15 za mwanzo za jina hilo. Tafuta jina refu zaidi, utaambulia patupu ingawa programu inaendelea. Za Python na Java zina balaa jingine, kwani kwa kawaida hujulikana kama python3 au java, si seva.py. Dawa ya yote mawili ni -f, inayolinganisha amri nzima. Nayo ina makali yake: pgrep -f seva.py humnasa pia mtu aliyefungua faili hilo kwa kihariri cha vim, na ukiituma kwa mashine nyingine kupitia ssh inaweza kuinasa sheli (programu inayopokea amri) iliyobeba amri yako. Ibane kwa -u na jina la mtumiaji, au andika 'python3 .*seva\.py'. Jina fupi linalojificha ndani ya majina mengine litafutie -x, inayodai lilingane lote.

Pengine jina hulijui kabisa. Unachojua ni kwamba poti 8080, mlango wa mtandao, imeshikwa. Amri ya sudo ss -ltnp 'sport = :8080' itakutajia aliyeishika. Bila sudo, inayokupa mamlaka ya msimamizi, mchakato wa mtumiaji mwingine hautatajwa.

Ukishaipata namba, tuseme 4321, usikimbilie kuua. Andika kwanza ps -o pid,ppid,user,stat,lstart,args -p 4321 uone mzazi, mmiliki, hali na saa ulipoanza. Mzazi akiwa namba 1, huenda ni huduma ya systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, na ukiiua inaweza kuanzishwa tena papo hapo. Isimamishe kwa systemctl stop. Herufi Z kwenye hali maana yake mchakato umeshakufa, umebaki kwenye orodha tu hadi mzazi wake aufute. D mara nyingi unasubiri diski, na hata kill -9 itabidi isubiri nao.

Hiyo -9 nayo inatumiwa ovyo mno. Kill tupu hutuma ishara 15, na programu hupata nafasi ya kuandika data na kufunga mafaili yake. Ishara 9 haiwezi kukataliwa wala kushughulikiwa, ndiyo maana huacha nyuma faili za kufuli, zinazoonyesha kwamba programu bado inatumika, na huduma ikagoma kuanza tena. Tuma 15, subiri sekunde 10, ndipo ufikirie 9. Pkill, inayotuma ishara kwa michakato inayolingana na muundo, hupokea -f, -u na -x zilezile za pgrep, basi endesha pgrep -a kwanza, soma orodha yote, kisha rudia muundo uleule kwa pkill. Killall, ambayo kwenye Linux huua kwa jina, iepuke kwenye mashine usiyoijua: katika Solaris, mfumo mwingine wa aina ya Unix, haichagui jina, huua michakato yote.

Msimamizi wa seva