Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi: Nusu Maili ya Kilimanjaro ipewe nafasi yake

Ndugu Kamishna,

Salaam kutoka Marangu. Mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, unaopita nyuma ya migomba yangu una maji machache kuliko niliyoyakuta nilipoolewa hapa, na hilo ndilo lililonikalisha niandike. Nataka tuzungumze kuhusu ukanda wa msitu ambao watalii huupita bila hata kuupiga picha, ule tunaouita Nusu Maili.

Historia yake unaijua, ila si kila atakayesoma barua hii anaijua. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa upana wa takribani mita 800 kwenye ukingo wa chini wa msitu, ili Wachaga wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe bila kuugusa msitu wa juu. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1973, mpaka wake ulianzia mita 2,700 hivi kwenda juu. Mwaka 2005 msitu wa chini nao, pamoja na Nusu Maili, ukaingizwa ndani ya hifadhi.

Siupingi uamuzi ule. Magogo yalikuwa yakishushwa usiku, na sehemu za ukanda huo zilikuwa zimebaki vichaka na mashamba. Lakini mama mkwe wangu alikuwa akikata majani humo, na ndiye aliyenionyesha machipukizi ya kuruka na majani ya kukata, na mahali pasipotiwa panga kabisa kwa sababu chemchemi iko chini yake. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Yalikaa kwa wanawake wenye ng'ombe zizini, na binti zangu hawakuyapata, kwa sababu hawakupata nafasi ya kuingia msituni nyuma yetu kama mimi nilivyoingia nyuma yake.

Wengi wanadhani maji yetu yanatoka kwenye barafu ya Kibo, kilele cha mlima. Barafu inapungua kweli, na inaniuma kila asubuhi mawingu yanapofunguka, lakini maji haya ni ya msitu. Upande wetu wa kusini mvua hunyesha zaidi kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushee, katikati ya msitu, na juu zaidi ukungu hunaswa na matawi ya miti, ukadondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Ndani ya msitu huu ndimo ulimo ule mkukusu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Maji hayo huingia mifongo yetu, hushuka kwa mito ya Ruvu na Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kwa hiyo anayewasha taa Tanga naye anauhitaji msitu huu.

Na adui wa msitu huu ni moto. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90. Askari wako walipigana nao, na wanachuo wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na vijana wa vijiji vyetu. Niliwapikia wale wa kwetu. Walirudi nyuso nyeusi kwa masizi, wengine na viatu vilivyoungua nyayo, wakala wamesimama, wakapanda tena. Hakuna aliyewauliza mkataba. Lakini vijana hao wanakua, Kamishna, na kijana asiyekuwa na neno lolote juu ya msitu anaweza siku moja kuuona moshi akasema wenyewe wapo.

Ndiyo maana naomba Nusu Maili iandikwe kwenye mpango wa usimamizi wa hifadhi kama ukanda wenye kanuni zake: siku za kukata majani na kuokota kuni zilizokauka, kamati ya kila kijiji yenye mamlaka na wajibu ulioandikwa, na vikundi vya akina mama vikabidhiwe sehemu zilizo wazi kuotesha miti ya asili. Ruhusa ya mdomo haitoshi, maana anayeitoa akihamishwa huondoka nayo. Madarasa yaliyojengwa kwa Ujirani Mwema, mpango wa hifadhi wa kusaidia vijiji jirani, tunayashukuru kwa moyo wote, watoto wetu wanasoma humo, lakini darasa halijibu swali la nani anaulinda msitu saa nane za usiku. Naomba pia kila mwaka, pamoja na idadi ya wageni waliopanda mlima, tusomewe kwenye mkutano wa kijiji vipimo vya maji ya mito yetu, tujue yamepanda au yameshuka.

Kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, hupandwa mmea uitwao isale. Na jani la isale ndilo mtu hubeba anapokwenda kupatana na jirani yake, na jirani akilipokea huketi kusikiliza. Vigingi vya mpaka wa hifadhi vibaki palepale vilipo. Pembeni yake tupande isale, maofisa wako na sisi, mstari mmoja.

Njoo kabla ya Agosti, majani ya juu hayajakauka. Mkutano tutauitisha sisi.

Mkulima wa ndizi na kahawa,
Marangu, Kilimanjaro