Wikendi ya mifereji Mwea: utakachokiona, na mbona hutaogelea

Kila tukitangaza safari ya Mwea, swali la kwanza kwenye WhatsApp ni lile lile: "Kuna boti?" Hakuna. Mifereji ya Mwea ilichimbwa ipeleke maji kwenye mpunga, na huko ni kutembea kwa miguu juu ya tuta, maji upande mmoja, mashamba upande wa pili.

Ni kama kilomita 100 kutoka Nairobi, kupitia Thika na Makutano. Tunaondoka Jumamosi alfajiri kukwepa foleni, na pia kwa sababu Mlima Kenya hauwasubiri waliochelewa kuamka. Mawingu huufunika mapema.

Siku ya kwanza ni ya mifereji mikuu. Utaona maji ya mto Nyamindi yakivushwa hadi mto Thiba, kisha yakigawanywa kwa malango ya chuma mpaka yafike shambani. Yanateremka yenyewe kwa mwinamo wa ardhi, bila pampu. Hapo ndipo wageni wengi hunyamaza, hasa wakisikia ni nani aliyechimba. Kazi ilianza miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ilifanywa na watu waliozuiliwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Wamumu, karibu na hapo, palikuwa na kambi ya vijana waliozuiliwa. Leo ni shule ya kurekebisha tabia. Tunaitazama tukiwa barabarani tu. Wanaishi watoto pale, kwa hiyo kamera zibaki begini.

Sasa kuogelea. Utawaona watoto wa kijijini wakijitosa, na jua la Mwea ni kali kweli, lakini jibu letu halibadiliki. Mwea ina ugonjwa wa kichocho (bilharzia) tangu zamani. Vimelea hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, wakitoka hupenya ngozi ya mtu hata isiyo na kidonda. Huhitaji kunywa maji hayo. Kutumbukiza miguu kunatosha. Gambuti tunaleta sisi. Ukiteleza ukaingia, jikaushe mara moja kwa taulo, halafu baada ya miezi miwili hivi nenda ukapimwe, maana kipimo cha mapema huenda kisione kitu. Dawa ipo na inatibu. Mbu nao ni wengi, kwa hiyo tunalala mahali penye neti.

Mpunga wa msimu mkuu hupandwa kuanzia Julai na Agosti, ukavunwa kuelekea Desemba. Wapenda kijani waje Septemba au Oktoba. Mimi hupendelea mpunga unapoiva, ingawa ni msimu wa makelele: vijana hushinda shambani wakiwafukuza kwelea, ndege walao nafaka, kwa mayowe na matope.

Jumapili ni wali wa pishori, mchele wa Mwea unaonukia, mezani katika mji wa Ngurubani, kisha kinuni kwa anayetaka kubeba gunia. Tafadhali tuambie mapema kama utanunua mchele. Gari ni la abiria 14 na buti yake ni ndogo.